Kitambaa Chekundu Kisichofungwa

Twahiri alikuwa mtu wa vitambaa. Bandarini Kalemie, boti zinapoingia kutoka Kigoma zikiwa na unga, saruji na sabuni, yeye husimama mlangoni mwa depo, ghala la mizigo, akitazama kila gunia linavyopita mgongoni mwa mpakuzi. Gunia lililochanika au kulowa, hulifunga kitambaa chekundu shingoni. Hana haja ya kusema. Wapakuzi wakiona nyekundu wanapinda kushoto, kwenye banda la vitu vya kutupwa. Kitambaa cheupe maana yake lipande treni. Lisilo na kitambaa linaingia depo, likalale na wenzake.

"Papa Twahiri!" alimwita siku moja Félicien, mpakuzi mwenye mdomo usiolala. "Mukono moja inafunga kitambaa, ingine inacheza ndombolo. Nani anakupigia ngoma?"

Watu wakacheka. Twahiri naye akacheka, kisha akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa ukitikisika peke yake, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba kinavuta tasbihi isiyoonekana. Kicheko kikamkauka. Mkono ule alikuwa ameshauona. Ulikuwa mkono wa Moustapha, kaka yake marehemu.

Moustapha alianza kutetemeka akiwa kijana bado. Ikaanza mikono, ikafuata miguu iliyogoma kuondoka sakafuni, mwishowe uso wenyewe ukasahau kucheka. Mama yao, Mama Maimouna, alitafuta sababu ndani ya nyumba, akaiona jikoni: Sifa, mke wa Moustapha, mwanamke kutoka Ankoro. Katika ukoo wao watu walioana wao kwa wao tangu enzi za mababu waliovuka ziwa na mizigo ya nguo na chumvi. Moustapha ndiye wa kwanza kuoa nje.

"Mutoto wangu alikuwa muzima mpaka alipokula kwa mugeni," alisema mama, na ukoo mzima ukaitikia. Sifa akafukuzwa pamoja na sufuria zake. Baadaye Moustapha alianguka uani, akavunjika nyonga, asiinuke tena.

Sifa hakurudi kwao. Alifungua kibanda cha bukari, yaani ugali, na samaki mbele ya geti la bandari. Bandari nzima ilikula kwake, isipokuwa watu wa ukoo ule. Wao walivuka barabara wasipite mbele yake. Twahiri, ambaye aliiona mikono ya kaka yake ikianza kutetemeka, kisha akaenda kufanya kazi stesheni ya Kongolo, alirudi Kalemie baada ya mazishi, akaambiwa habari, na yeye akaanza kuvuka.

Kwa hiyo mkono ulipotikisika, kilichomshtua zaidi hakikuwa ugonjwa. Ni kwamba hata tonge moja la Sifa halikuwahi kupita kooni mwake.

Daktari Rachelle, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, alikuja kutoka Lubumbashi, akamchukua damu ikapimwe mbali. Aliporudi na majibu alimwita Twahiri pamoja na mama yake. Kwanza alimuuliza kazi yake. Twahiri akaeleza vitambaa vyote, na daktari akasogeza kiti karibu, kama mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta.

"Basi sikia, Papa. Kila seli ya mwili ina bandari yake. Protini zikishatengenezwa, kazi haijaisha. Seli inazifunga alama ndogondogo, na alama zenyewe ni protini pia. Moja inasema nenda kule. Ingine inasema anza kazi. Ingine inasema hiki kimeharibika, kitolewe. Sasa, katika seli za ubongo zinazoongoza mwendo, vinu vidogo vya nguvu vinachakaa, na vinapaswa kufungwa alama ya kutolewa. Kwako, mwenye kufunga hicho kitambaa chekundu hayupo. Vibovu vinabaki ndani na vizima, mwaka hadi mwaka, mpaka seli inakufa."

"Nani alimufukuza?" mama aliuliza.

"Hakufukuzwa, Mama. Hakupata kuzaliwa. Maelekezo ya kumtengeneza yanatoka kwa baba na kwa mama. Wewe na baba yao mulikuwa ndugu?"

"Batoto ba ndugu," mama alijibu, kidevu juu. "Hiyo njo desturi yetu."

"Kila mmoja wenu alibeba nakala moja nzima ya maelekezo hayo na moja mbovu, ndiyo maana hamkuugua. Twahiri alipata mbovu kutoka pande zote mbili. Na kwa unavyonieleza, Moustapha vilevile."

Kidevu kikashuka.

"Na chakula? Muntu hawezi kutia hii ugonjwa kwa chakula?"

"Hapana, Mama. Huu haupikwi."

Daktari akasema dawa ipo, itautuliza mkono kwa miaka mingi. Mama akauliza kama Moustapha angeweza kuipata. "Angeletwa, ndiyo." Mama hakulia. Alisimama, akatoka nje bila kuaga, kitenge kikiburuta vumbi, na Twahiri akamfuata mpaka geti la bandari. Pale ambapo siku zote walivuka, mama hakuvuka.

Sifa aliwaona, mwiko ukasimama hewani. "Mumepotea njia? Barabara yenu njo ile kule."

"Utupakulie," alisema mama.

Wapakuzi waliacha kutafuna. Hata Félicien akaweka tonge lake chini. Sifa akaweka sahani. Mama Maimouna akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalimeza mbele ya watu wote.

"Wewe haukumuua," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ugonjwa ulitoka kwangu na kwa baba yao. Daktari ameuona ndani ya damu."

Sifa hakuonyesha furaha. Aliuliza jambo moja tu, polepole, kama mtu aliyelikariri miaka yote mbele ya moto ule.

"Alikufa anaamini njo mimi nilimuua?"

"Hata siku moja hakuamini. Alikuita mpaka sauti ikamuishia. Nilikusikia ukibisha hodi, nikaufunga mulango kwa ufunguo."

Hilo Twahiri hakuwahi kuambiwa. Alimtazama mama yake kama mtu asiyemjua. Mkono wa Twahiri uligonga ukingo wa sahani, ukagonga tena, ukagonga tena, na Sifa, bila kumtazama yeyote, akanyoosha wake akaushika, kwa vidole vilivyozoea kushika mkono wa namna ile.