Kushoto kwa Protoni

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuhesabu protoni zinazokwenda kushoto na zinazokwenda kulia. Nilikuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamifu, katika maabara iliyochimbwa chini ya ardhi. Protoni ina tabia inayofanana na kujizungusha kama pia wanayochezea watoto. Wanafizikia huiita spini. Tulizipanga zote spini zielekee juu, tukazirusha kwenye shabaha ya haidrojeni, kisha tukatazama zinatawanyikia wapi. Waliotutangulia waliona nyingi zikienda kushoto. Zetu zilikwenda kulia.

Msimamizi wangu, mzee asiyesifu hata chakula, alinipigapiga begani. "Hii itabadilisha vitabu," akasema. Nikapewa likizo ya wiki tatu kabla ya kuandika makala, nikashuka kwenye treni pale Voi nikiwa mtu mkubwa, ingawa hakuna mtu stesheni aliyeonekana kuarifiwa.

Mama yangu ni fundi wa nguo. Nilimkuta akishona majoho ya kwaya, na siku ya pili akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, hasa huko nafanya nini. Nikachukua chaki yake nikachora juu ya meza ya kukatia: protoni zinatoka huku, shabaha hii hapa, kifaa cha kuhesabia cha kushoto, na cha kulia, kila kimoja na waya yake.

"Kushoto kwa nani?" akauliza.

"Kushoto tu, mama."

"Hakuna kushoto tu. Mteja akisimama mbele yangu, mkono wake wa kushoto uko upande wangu wa kulia. Wanaojifunza kazi wote huharibu nguo hapo. Aliyefunga hizo waya alisimama upande gani?"

Nikacheka. Nikamweleza kwa upole, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma, kwamba vifaa vile vilikaguliwa na wataalamu kutoka nchi kadhaa.

"Haya," akasema, akaendelea kushona.

Sikumwambia kwamba waya zile nilizifunga mimi. Nikiwa kwenye chakula cha mchana nikajiona tena nikizifunga, uso wangu ukielekea kule protoni zinakotoka. Mchoro tuliotumia ulichorwa na mtu aliyezipa mgongo. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Nikamwandikia mwenzangu wa maabara akague, na baada ya siku mbili akanitumia picha ya lebo mbili za waya: ya kushoto ilikuwa kwenye kifaa cha kulia, na ya kulia kwenye cha kushoto.

Msimamizi alinipigia mwenyewe. Akauliza nani aligundua kosa.

"Mama yangu."

"Yuko chuo gani?"

"Ni fundi wa nguo, Voi."

"Mshukuru," akasema, "na umuulize kama ana swali lingine, kabla hatujaaibika zaidi."

Tulipogeuza hesabu, protoni zetu zikaenda kushoto kama za watu wengine wote. Jumapili mama, niliyekuwa nimemweleza yote, akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akamshukuru Mungu kwamba mtoto wake amesoma ng'ambo miaka minne na sasa anajua kushoto na kulia. Kanisa zima likapiga makofi. Mchungaji akaniomba nisimame nionekane, nikasimama. Nilikuwa na haya, lakini zaidi ya hapo nilihisi nafuu: kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameieleza kazi yangu kwa usahihi.