Pingu Kwenye Benchi

Mke wangu ni askari magereza, na tafadhali usinipe pole. Watu wakisikia hivyo hunitazama mikono, eti wanatafuta alama. Siku ya harusi yetu mshereheshaji alitangaza kwamba leo fundi cherehani anafungwa pingu za maisha na ufunguo anao bibi harusi. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Tangu hapo neno hilo halijatoka kwetu. Nikichelewa kurudi naambiwa, “Nakufuata na pingu.” Mteja akibanwa kiuno anauliza, “Fundi, hii suruali au pingu?” Na wakubwa nao, kila wakipanda jukwaani wanaahidi kukata pingu za umaskini. Hata mkasi hawana!

Za chuma, zile za kazini, ndizo hazitaniwi.

Asubuhi moja Afande, ndivyo ninavyomwita mke wangu, alitoka bila kunywa chai. Alikuwa amepangwa kulinda mfungwa mjamzito hospitalini. Nikajaza chupa ya chai nikamfuata. Kwenye benchi, nje ya chumba cha kujifungulia, nilimkuta askari mwenzake, bwana mmoja mwenye kitambi na maneno mengi. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

“Unajua ni nani yumo humo?” akaninong’oneza. “Ni Kiatu.”

Habari za Kiatu nilizijua. Aliwahi kutoroka shambani mwa gereza, kiatu chake kimoja kikabaki kwenye matope. Alikamatwa baadaye, lakini askari aliyekuwa zamu siku ile naye alifungwa. Mpaka leo yumo ndani.

Mara mkunga akapaza sauti. “Afande! Bega la mtoto limekwama. Huyu mama lazima ageuke apige magoti, na mkono wake mmeufunga kitandani!”

“Pingu hazifunguliwi!” Kitambi akadakia kutoka benchini. “Amri ya mkuu!”

Nikasikia ka! Afande akatoka, jasho likimtiririka, akaziweka pingu kwenye benchi kando ya chupa yangu.

“Nimefungua mimi,” akamwambia mwenzake. “Mpigie mkuu. Usimfiche kitu.” Kisha akanigeukia. “Na wewe, shika chai yako. Hizo usiguse.” Akarudi ndani.

Kitambi akapiga simu huku akitikisa kichwa. “Shemeji, huruma itamponza mkeo.”

Niliogopa, nasema kweli. Nilijiona nikipanga foleni gerezani siku ya kuona wafungwa, na chupa hiyohiyo mkononi.

Mtoto akalia. Wa kike. Mkunga alicheka kwa sauti, nami nikajikuta nafuta macho kwa kona ya shati, mbele ya Kitambi, bila aibu.

Baadaye Kiatu aliomba kwenda kujiosha na kumwosha mtoto. Bafu lilikuwa mwisho wa ukumbi, na mkunga alikuwa ameshatuambia kwamba lina mlango wa nyuma unaotokea barabarani. Afande akampa kanga safi, akamwambia, “Nenda.” Hakumfuata. Alikuja kukaa karibu yangu, akajimiminia chai.

“Mama watoto,” nikamwambia, “umerukwa na akili?”

“Kunywa na wewe,” akasema. “Midomo imekupauka.”

Maji bafuni yalinyamaza. Kiatu hakutoka. Aliyetokea ni mkuu wa gereza, viatu vikilia sakafuni. Akaziona pingu kwenye benchi.

“Mfungwa yuko wapi?”

“Bafuni, mkuu,” Afande akasimama wima. “Pingu nilizifungua mimi ili mtoto atoke. Hakuna aliyenituma.”

“Bafu lenye mlango wa nyuma? Na mtoto?”

“Yuko naye.”

“Basi huyo keshakwenda! Afande, unajua nani atalipia?”

“Najua, mkuu. Mimi.”

Hapo kitasa cha bafu kikazunguka, Kiatu akatoka taratibu, ameegemea ukuta, kichanga kifuani ndani ya kanga.

“Samahani, nilikuwa namnyonyesha,” akasema.

Mkuu akamkazia macho. “Mlango wa nyuma hukuuona?”

“Niliuona. Hata komeo hauna.”

“Na wewe ndiye Kiatu?”

“Ndiye mimi.”

“Mtoto unaye, mlango uko wazi. Mbona hukutoka?”

Kiatu akamtazama mke wangu.

“Yule askari wa mwanzo nilimwacha akafungwa, mkuu. Usiku sipati usingizi. Huyu naye nimvishe pingu zangu?”

Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akaunyoosha wa kulia mbele ya Afande. “Nifunge huu, dada. Ule mwingine una kazi.”

Afande hakuinama kuzichukua. Alimwangalia mkuu, akangoja. Mkuu akaziokota pingu mwenyewe kutoka benchini, akazitia mfukoni mwa koti lake.

“Mpe kwanza chai,” akasema.

Nikammiminia.