Ubani, Chumvi na Sauti ya Shangazi

Saa nne na dakika kumi asubuhi niliwasha kompyuta sebuleni kwangu Al Khoudh, na ilipofika adhuhuri nilikuwa nimejiaibisha mbele ya watu wa nchi mbili.

Kemia sikuisomea chuoni, nimejifundisha mwenyewe, na kwa miaka mingi nilitafuta namna ya kutoa mafuta ya ubani yasinuke moshi, mpaka nikagundua kwamba ukiuloweka kwanza katika maji ya chumvi, mvuke wa moto mdogo unatosha. Wanunuzi wangu wengi wako India, basi huko nikaomba hataza (ile haki ya kisheria inayomzuia mwingine kutumia uvumbuzi wako), nikapewa, kisha kiwanda kimoja cha Gujarat kikaanza kutumia njia ileile. Nilipowadai, wakajibu kwamba njia yangu haikuwa mpya siku nilipoiombea, na kama si mpya hataza inafutwa, kila mtu anaitumia bure.

Wakili wangu wa Mumbai aliniuliza kama niliwahi kuieleza hadharani. Nikamjibu sijawahi, na niliamini hivyo.

Kikao cha kuamua kama hataza ifutwe kilikuwa cha video. Shangazi Zuwena akaja na birika la kahawa na halwa, akataka kukaa kando asikilize, na mimi (hapa ndipo nilipoteleza) nikaona vibaya kumtoa mtu mzima sebuleni.

Upande wa pili wakaonesha video iliyokuwa wazi mtandaoni, yenye tarehe ya kabla ya ombi langu: mimi na kanzu yangu, nawaeleza akina mama wa ukoo hatua kwa hatua, chumvi kiasi gani, moto kiasi gani, kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeisahau, maana kwangu, huku Uarabuni, kuzungumza Kiswahili na jamaa ni kuzungumza ndani ya nyumba, wala haikunipitikia kwamba watu wa Gujarat wangeajiri mkalimani kutoka Mombasa.

Wakili wangu akasema tarehe ya mtandaoni haithibitishi kitu, na mwenye kikao akaonekana kukubali.

"Si mimi yule nyuma yako?" akasema Shangazi. "Arusi ya Salma ile. Hata karatasi zako za India ulikuwa hujazipeleka, ulisema unangoja mshahara."

"Shangazi, nakuomba."

"Nini? Nna kumbukumbu mimi, sijazeeka hivyo."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Mkalimani alijizuia kucheka, akatafsiri yote, hata la mshahara. Mwenye kikao akaniuliza kama ni kweli. Wakili akaniandikia haraka nisijibu. Nikamtazama Shangazi, aliyekwisha kuelewa na kushika birika bila kumimina, nikasema ni kweli.

Baada ya wiki chache hataza ikafutwa.

"Nimekuharibia, mwanangu," akaniambia.

"Hukuharibu. Ulisema lililokuwa."

Sasa sielezi kazi yangu kwa mtu, hata wa damu, kabla sijaiandikisha, na kikaoni nitakaa peke yangu, mlango nimeufunga, anayetaka kununa anune. Ada za maombi, za wakili na za tafsiri zilinigharimu riali elfu nne mia tatu na themanini.