Kofia ya Mzee Philbin

Asubuhi ile yai la Malachy Tansey lilikuwa gumu, na hakuwa na wa kumlaumu, maana ndiye aliyelichemsha.

"Hili ungeshindilia nalo lami," mkewe Attracta alimwambia, akiligonga kwa kijiko.

"Lami niliiacha zamani, Mwingereza."

"Yenyewe haijakuacha. Angalia kucha zako."

Wakala. Mvua ya Coventry ilikuwa inanyesha, ile mvua isiyojua iache au iendelee. Kodiani ya Attracta, kile kinanda cha kukunjua na kukunja, ilikuwa kwenye kiti chake pale mezani, imefunikwa taulo, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na joto na kifungo kimoja kilikuwa kinanata siku za unyevu. Attracta aliifunua, akakibonyeza kifungo kile, akatikisa kichwa, akaifunika tena kama mtu anayemfunika mtoto asiyetaka kulala.

Simu ikalia. Alikuwa Colum Gilhooly, mpiga fidla, ambaye ndiye aliyeishika bendi ya klabu ya Waayalandi tangu Attracta aseme kwamba amechoka kuwasimamia watu wazima. Malachy alisikia upande mmoja tu wa maneno.

"Hawaiwezi au hawaitaki? Ehe. Basi niache nifikirie, Colum. Nitakwambia Jumapili."

Akarudi kwenye chai yake.

"Anasemaje?"

"Wapya wa bendi wameujifunza wimbo wa taifa kwenye karatasi, na kwenye karatasi kofia haimo. Anauliza tuiondoe, wote tupige sawa."

"Nawe unasemaje?"

"Nasema chai imepoa."

Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Kesho yake Attracta alianguka bustanini, kikapu cha nguo za kuanika mkononi, hakuinuka tena, na Jumapili ikafika kabla hajamwambia Colum lolote.

Colum akaja nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha upande wa dirisha, akakwepa kukiangalia kile chenye kodiani.

"Mzee," alisema, "tukishamzika tutakwenda klabuni, na mwisho tutasimama kwa wimbo kama siku zote. Tuupige vipi? Na kofia au bila?"

"Mimi hata mluzi siwezi, Colum."

"Najua. Nimekusikia. Lakini sina mwingine wa kumwuliza. Binamu zake wa Mayo wanakuja, na wao hawaijui kofia. Wakicheka siku ya maziko yake sitajisamehe. Halafu nikiiacha siku hiyo, ndiyo imekwenda. Wapya hawatairudia tena. Kwa hiyo sema wewe."

Malachy akamwambia ampe muda kidogo. Colum alipoondoka, alikaa jikoni na lile swali.

Kofia lilikuwa jambo la baba yake Attracta, Mzee Thady Philbin. Alitoka Mayo, Ayalandi, akiwa kijana, akaja Uingereza, hapo Coventry, kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari, na kodiani mgongoni. Padri alipofungua klabu ya Waayalandi, alitaka kila mkutano wa Jumapili mchana umalizike kwa wimbo wa taifa lao, watu wasimame wima, mikono chini. Mwenye chombo alikuwa Thady peke yake. Tatizo ni kwamba Thady hakuwahi kuusikia wimbo huo vizuri. Kwao hapakuwa na redio. Aliusikia ukitoka kwenye uwanja wa mpira, ng'ambo ya mashamba, na mara zote upepo ulikuwa unakichukua kipande cha katikati. Basi kipande hicho akakitafutia kiraka kwenye ngoma ya kucheza aliyoijua. Mahali wimbo unapopaswa kupanda, wa kwake ulishuka kwanza, ukazunguka, halafu ndipo ukapanda.

"Thady," padri alimwuliza, "ulikuwa nini huo, hapo katikati?"

"Nilirudi kuchukua kofia, Padri."

Watu wakacheka, jina likabaki. Hapakuwa na mwingine wa kuwafundisha, kwa hiyo klabu nzima ikaujua wimbo wa taifa na kofia yake. Waimbaji walijifunza kulivuta neno moja mpaka Thady aingie ndani, aipate, atoke.

Yeye mwenyewe kurudi Mayo hakurudi. Kila kiangazi alisema mwakani. Aliyepelekwa ni Attracta, na mama yake, kwa bibi. Shuleni Coventry watoto walimwita Mwayalandi, na si kwa kumsifu. Kule Mayo, alipofungua mdomo tu, watoto wa binamu wakamwita Mwingereza. Aliwahi kumwambia Malachy kwamba mahali pekee ambapo hakuwa na jina lolote ni ndani ya meli, baina ya huku na huko, na huko alitapika njia nzima.

Malachy yeye alizaliwa Ayalandi, Sligo, akaja kuchimba mitaro na kumwaga lami. Hakuwa na haja ya kuuliza yeye ni nani. Aliambiwa kila siku na msimamizi. Jumapili yake ya kwanza klabuni alisimama na wenzake wakati wa wimbo, akaimba kwa sauti, maana sauti ndiyo mali pekee aliyokuja nayo. Wenzake wakapotelea mahali fulani katikati. Yeye akaendelea mbele, peke yake, na akamaliza peke yake, ukumbi mzima ukimtazama. Msichana wa jukwaani, binti wa Thady, mwenye kodiani ya baba yake, hakuacha kupiga, ila alimtazama mpaka masikio yakamwaka moto. Baadaye akamfuata kwenye meza ya chai.

"Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Kwetu wimbo unaimbwa hivyo."

"Kwenu. Haya. Kunywa chai, tutakufundisha."

Walimfundisha. Alichukua muda mrefu kuliko watu wote. Alimwoa mwalimu katikati ya masomo.

Ulikuja mwaka wa mabomu, wapiganaji wa Kiayalandi walipoyatega kwenye miji ya Uingereza. Mtaani kwao salamu zilikauka. Kiwandani watu walihamia meza nyingine wakati wa kula, wasikae na Mwayalandi. Jirani yao mmoja tu, Bi. Pratley, ndiye aliyeendelea kugonga mlango kuazima sukari, na Malachy aliamini nusu ya sukari ile hakuwa na shida nayo. Klabuni watu waligawanyika. Wa kamati walitaka wimbo uachwe mpaka mambo yapoe. Bwana Garrity, fundi matofali aliyekuwa na dada yake kule Ayalandi ya Kaskazini, penye mapigano, alitaka upigwe mara mbili, na watu wanyanyue ngumi mwishoni. Wote walikuja kwa Attracta, maana bila kodiani hakuna cha kuacha wala cha kuongeza.

"Nitaupiga kama baba alivyoupiga," aliwaambia wa kamati. "Mara moja."

Garrity akaja zamu yake. Hakuketi.

"Attracta, wakati huu mtu lazima ajulikane. Wewe uko upande gani?"

"Upande wa kushoto wa jukwaa, karibu na dirisha."

"Nakuuliza jambo la maana."

"Nami nakujibu. Ukitaka kumlilia dada yako na yanayowapata kule, njoo, nitakupigia pole pole, hata mpaka kesho. Ukitaka ngumi, tafuta mwenye ngoma."

Garrity alitoka bila kufunga mlango. Malachy akaufunga. Jumapili iliyofuata wimbo ulipigwa mara moja, na kofia. Nusu ya ukumbi haikuridhika, na nusu ya pili pia.

Na miaka baadaye, Malkia wa Uingereza alipoadhimisha miaka yake mingi kitini, mtaa ukaweka meza barabarani, na Bi. Pratley akaja kuazima, safari hii si sukari.

"Mpenzi, redio yetu imekufa. Utatupigia kidogo?"

Malachy alidhani atakataa. Attracta akachukua kodiani, akakaa kwenye kreti la soda, akawachezesha watu wa mtaa mpaka mwenye duka la nyama akavua tai. Mwisho wakamwomba wimbo wao, wa Malkia. Aliujua tangu shuleni. Akaupiga vizuri, kwa heshima, na katikati akarudi kuchukua kofia.

Bi. Pratley aliachwa na mdomo wazi na sauti ndefu ya wimbo ndani yake. Wengine wakasimama njia panda, wengine wakaenda mbele wakarudi. Malachy alijificha nyuma ya gari la mkate, akacheka mpaka mbavu zikamwuma.

"Ulifanya makusudi," alimwambia usiku wa siku hiyo.

"Mimi? Ndivyo nilivyojifunza nyimbo za taifa."

Garrity alipopata habari kwamba amempigia Malkia, hakumsemesha mpaka Kwaresima. Kisha akaambiwa habari ya kofia. Akaja na keki.

Malachy alikumbuka hayo yote pale jikoni, na mengine ambayo si ya kusimulia. Asubuhi ya maziko alichemsha yai. Likatoka laini, sawasawa, kama alivyoambiwa maisha yote kwamba yai linatakiwa liwe, na hapakuwa na wa kumwonyesha. Akalila lote. Kisha akampigia Colum simu.

"Na kofia," alisema.

"Una hakika, Mzee? Watu wa Mayo?"

"Na kofia. Wafundishe hao wapya. Mimi nilifundishika."

Wakamzika karibu na Thady, mvua ikiwa haijaamua. Klabuni palikuwa na sandwichi za nyama ya nguruwe, na chai kwenye birika kubwa la bati, na watu wengi kuliko viti. Bi. Pratley, mzee sana sasa, aliletwa na mkwe wake, akawekwa mbele. Kodiani ilikaa kwenye kiti cha Attracta, kushoto, karibu na dirisha. Bendi ilipiga zile nyimbo alizozipenda. Watu walianza kwa kugusa sakafu kwa ncha ya kiatu tu, kwa adabu ya msiba, halafu mama mmoja akasimama, akamvuta mumewe, na adabu ikaishia hapo. Malachy hakuona ubaya. Alikula sandwichi mbili. Watu walipokuja kumpa pole wakamkuta anatabasamu, na wengine hawakujua waanzie wapi.

Kisha Colum akainua upinde wa fidla, ukumbi ukasimama wima, mikono chini. Wakaanza. Wapya walikuwa wekundu kwa woga. Walipofika mahali pale, wimbo ukashuka, ukazunguka, na watu wa Coventry wakalivuta neno lao, Bi. Pratley akiwa miongoni mwao. Tangu siku ile ya mtaani hakukubali kukosea tena. Binamu wa Mayo wakaenda mbele, wakamaliza, wakasimama wanatazama viatu vyao. Wimbo ukawafuata taratibu, ukawafikia.

Hakuna aliyecheka. Lakini binamu mmoja, mama wa makamo aitwaye Concepta, alikuja akaketi karibu na Malachy, akainamisha kichwa.

"Samahani, shemeji. Nisikuudhi siku kama ya leo. Ila wimbo ule mmeukosea katikati, au ni masikio yangu?"

Colum alikuwa karibu. Akajifanya anafunga sanduku la fidla, naye alikwisha kulifunga.

Malachy hakuwa msemaji. Alizungusha kikombe chake kidogo, kisha akamwuliza kama anakumbuka lile shindano la muziki kwao Mayo, mwaka ule bendi ya Coventry ilipokwenda.

"Nilikuwa mdogo. Nasikia walishika nafasi ya pili."

"Ya pili. Kwa hiyo wakaombwa wafunge shughuli kwa wimbo. Yeye alikuwa amenunua gauni la kijani. Alikuwa anakwenda kupiga wimbo huo kwenye nchi ya baba yake, mbele ya watu wa baba yake. Nami nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa pembeni, namwona. Wakaanza. Ukumbi mzima ukasimama. Ukumbi ukaenda zake, wakamaliza, kimya, na bendi yetu bado iko ndani inatafuta kofia."

"Oo," Concepta alisema.

"Wakacheka. Si wote. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akasema wenzetu wa Uingereza wametuharibia wimbo, lakini tuwasamehe, wametoka mbali."

"Naye?"

"Yeye alikuwa bado hajamaliza. Akaumaliza mpaka noti ya mwisho. Akaifunga kodiani, akafunga na kamba yake. Nikasema basi, leo atalia. Akainuka na lile gauni, akasogea kwenye kipaza sauti cha yule bwana."

Malachy akakiweka kikombe mezani. Alitaka ayapate maneno yenyewe, si yanayofanana nayo. Colum alikuwa ameacha sanduku. Bi. Pratley naye alikuwa amegeuza sikio lake zima.

"Alisema hivi. 'Hatukukosea, bwana. Baba yangu alirudi kuchukua kofia, na ninyi hamkumngoja.'"