Mtaro wa Kihenge cha Shangazi Kabula

Siku moja naikumbuka, mwanangu. Ilikuwa mwezi wa tisa, vumbi la Shinyanga limepanda mpaka kwenye kope, na mimi nimerudi nyumbani kutoka machimbo ya Geita nikijiona fundi wa kila shimo. Shangazi Kabula, dada mkubwa wa baba, aliyenilea, akaniita uani akanionyesha kazi kwa kidole cha mguu. Ndiyo tabia yake, mikono haikukosa shughuli, basi kuonyesha alionyesha kwa mguu.

"Masanja, chimba mtaro hapa, upite upande wa juu wa kihenge, uzunguke nyumba, utokee shambani. Kina cha goti kinatosha. Mawingu yasikukute."

Kihenge chenyewe kilikuwa cha fito, kimekandikwa udongo na samadi, kimekaa juu ya mawe manne. Ndani kulikuwa na mtama wetu wa mwaka mzima na vibuyu vya mbegu. Hatukuwa na akiba nyingine.

Ilikuwa kazi ya siku mbili. Siku ya kwanza nilipofika usawa wa kihenge, jembe likagonga jiwe jeupe lenye michirizi ya kutu. Aliyewahi kuchimba dhahabu anajua jiwe la namna hiyo linavyomfanya mtu. Nikaacha mtaro, nikafuata mwamba kwenda chini.

Nikamwita Luhende, jirani tuliyechimba naye Geita. Tukalitwanga jiwe kwenye kinu cha mke wangu, na hapa niseme ukweli, kinu kilipasuka na mpaka leo mwenyewe, Mama Ngolo, hajanisamehe. Unga wa jiwe tukauosha kwenye karai. Luhende akainama.

"Nimeona kitu kimemeta."

"Kiko wapi?"

"Kimepita."

Basi kikawa kinapita hivyo hivyo kila siku, wiki tatu nzima. Shimo likafika kifuani, likazidi kichwa. Kifusi tulikirundika upande wa juu, pale pale maji ya mvua yalipozoea kupita. Wachimbaji wawili wazima, na hakuna aliyeliona hilo.

Shangazi akaja akachungulia. "Ng'wana wane, mwanangu, huu ni mtaro au kisima?"

"Shangazi, nafuata mwamba."

"Fuata. Mvua nayo ina njia yake inaifuata." Akaenda zake kukandika ufa wa jiko.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mvua ya kwanza ilikuja mchana, upande mmoja jua bado linawaka. Maji yakashuka, yakakuta kifusi, yakageukia shimoni. Shimo likajaa, ukingo ukalainika, jiwe moja la kihenge likateleza. Tukakiegemea kwa migongo, mimi, mke wangu na shangazi mwenyewe na uzee wake. Kikatushinda. Kililala taratibu, kama ng'ombe anavyolala, kisha kikapasuka na mtama ukaingia kwenye tope.

Nilingoja matusi. Shangazi akanipa jembe.

"Chimba mtaro."

"Sasa hivi, shangazi, na mvua hii?"

"Sasa unaona maji yanakopita. Mwezi wa tisa ulikuwa huoni."

Nikachimba nimelowa, na kweli, maji yenyewe yalinionyesha njia. Mtama tuliouokoa tukauanika kwenye ngozi na mikeka, mwingi ukaota, tukaufanya kimea. Majirani walikunywa pombe yake wakasema mgodi wa Masanja haukukosa kitu. Lakini mbegu zilioza. Nikabeba kibuyu kitupu, nikazunguka boma hadi boma kuomba. Nikisema shikamoo, najibiwa, "Marahaba, dhahabu imekuwaje?" Wakanipa. Kwetu mtu hanyimwi mbegu, ila anapewa pamoja na maneno yake. Mwaka ule tulikula mlo mmoja kwa siku mpaka mavuno, na shangazi alikuwa wa mwisho kuchota.

Sasa nawaona ninyi wanangu. Mmoja yuko machimboni Mwakitolyo, mwingine anaendesha bodaboda Katoro, mwezi wa tisa mnapita nyumbani mnasema fundi atakuja. Fundi gani wa kuchimba kina cha goti? Mimi shule niliishia darasa la pili, na mtaro nauweza.

Kwa hiyo, mwanangu, upepo wa vumbi ukianza, zunguka nyumba yako kwa miguu. Chimba mtaro kwanza, udongo wake urundike upande wa chini, usiuweke juu hata siku moja. Panda bati ukagonge misumari iliyolegea. Paa la choo usilisahau, maana huko ndiko aibu ilipo. Uzio wa minyaa wenye mapengo uchomekee vijiti vipya, minyaa haina shida, ukiichomeka inashika. Shimo lolote la udongo wa matofali lililo karibu na ukuta lifukie. Na ukigonga jiwe jeupe ukiwa kazini, liweke pembeni, umalize mtaro. Mwamba umelala humo tangu zamani, hauna haraka. Mvua ndiyo yenye haraka.

Lile jiwe letu lililobaki bado ninalo. Linazuia mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo, na kazi hiyo linaifanya vizuri.

Mungu akupe mikono isiyochoka mwezi wa tisa. Mvua ikukute umemaliza, ikunyeshee shambani, isikunyeshee kitandani, na kihenge chako kisimame mpaka watoto wako wachoke kula.