Fundi Bomba Mkuu wa Ngozi Jazz

Kabla nchi haijaanza kuuzwa rejareja, kila shirika la umma lililojiheshimu lilikuwa na vitu vitatu: hasara, meneja mwenye kitambi, na bendi ya muziki. Shirika letu la ngozi hapa Dodoma lilikuwa navyo vyote, na kwa kweli ni bendi tu iliyokuwa ikifanya kazi.

Iliitwa Ngozi Jazz, mtindo wake Kwato Chini. Mpiga solo alikuwa Filipo Kalonda, Mzaire wa Kalemie aliyevuka ziwa mwaka 1977 na viatu vya soli ndefu kuliko subira ya mchungaji wetu. Tulimwita Papaa. Sasa, mgeni hapewi kibali cha kazi bila cheo, na ikama ya shirika haikuwa na cheo cha mpiga gitaa. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya Fundi Bomba Mkuu. Wakubwa wakatazamana, wakakohoa, muhuri ukagongwa.

Mabomba yenyewe aliyashughulikia Methusela, Mgogo wa Bahi, ambaye kwa cheo alikuwa msaidizi. Wakija wakaguzi, Papaa alikabidhiwa spana, akaishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka wa jirani, huku Methusela akimnong'oneza upande wa kuzungushia. Kinyongo hakikuwapo. Papaa alimwoa Loisi, binti wa Bahi vilevile, basi Methusela akawa shemeji, na harusi ya Methusela ilipigiwa muziki bure mpaka majogoo wakaona aibu kuwika.

Na Jumamosi, jamani! Bwalo la kiwanda lilinuka ngozi mbichi na marashi ya kuazima. Papaa akigusa nyuzi mbili tu, makarani, madereva na wauza karanga wa Chang'ombe yetu ya hapa Dodoma walisahau kuwa sukari haijaonekana dukani tangu Pasaka. Bendi za Dar zilimfuata, zikamwahidi nyumba na pikipiki. Aliwajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Mi niko mutu ya Dodoma. Bibi yangu iko hapa."

Mwaka 1994 akaja mwekezaji. Wasomi waliita mageuzi; sisi tuliona tu geti linapakwa rangi. Meneja mpya alitoka ng'ambo, na kibali chake kilipatikana kabla shati lake halijaingia vumbi. Aliuliza bendi inazalisha nini. Raha haina kipimo cha kilo. Bendi ikafa hapohapo. Kisha likaja tangazo: kila kitengo kibaki na mtu mmoja, yule mwenye cheo cha juu. Kwenye mabomba, basi, abaki Fundi Mkuu. Methusela aende nyumbani.

Jioni ile Methusela alifika kwa Papaa, akakataa hata kukaa.

"Shemeji, nyamaza. Mimi nikitoka kiwandani narudi Bahi kulima mpunga. Wewe ukitoka kiwandani unatoka nchini."

"Na bomba ikipasuka?"

"Nitapitia uani, nizibe, niondoke. Kwani tumeanza leo?"

Loisi akadakia, "Kaka, una watoto saba. Watakula siri?"

"Wagogo na njaa ni ndugu, Loisi. Usituharibie ukoo."

Walicheka wote watatu, kicheko cha msibani.

Asubuhi Papaa alivaa suti yake ya jukwaani, nyekundu kama trekta jipya, akaingia kwa meneja. Frida, karani wa masijala, ndiye aliyetafsiri.

"Mwambie mi si fundi bomba. Fundi ni Methusela. Mi niko mupiga gitaa."

Meneja akawa mwekundu kuliko suti. "Kwa hiyo umetudanganya miaka kumi na saba?"

"Mwambie yeye amefika mwezi jana. Zamu yake ya kudanganywa haijafika."

Frida akatafsiri kwa adabu zaidi, lakini haikusaidia. Methusela akabaki kazini. Papaa akatoka getini bila kazi, na bila kazi kibali nacho kikafa.

Ofisa wa Uhamiaji, Octavian, alimpokea kwa kumbatio. "Papaa, mke wangu nilimpatia kwenye solo lako. Ningeweza, ningekupa mkoa mzima. Lakini sheria inasema mwanamke wa nje akiolewa hapa anapata uraia. Mwanamume wa nje akioa hapa, anapata mke."

"Basi nitakwenda naye," akasema Papaa.

Loisi alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.

Treni ya Kigoma iliingia Dodoma asubuhi, imechelewa kama kawaida yake. Nusu ya Chang'ombe ilikuwa stesheni. Wanawake walimpa Loisi karanga, mlenda mkavu na mashauri. Methusela alikuja na ovaroli mpya ya mwekezaji, anafoka huku machozi yanamtoka.

"Nilikwambia unyamaze! Kichwa gani hicho, shemeji?"

Papaa akamshika bega. "Ningenyamaza, Methusela, siku moja wangenipa bomba kweli. Afadhali Zaire."

Methusela alicheka mpaka akakaa chini pale stesheni. Treni ikaondoka akiwa bado amekaa. Tukamnyanyua na kumkung'uta vumbi, tukamsukuma kuelekea kiwandani, maana zamu yake ilikuwa imeshaanza.