Sindano Iliyotaka Kufunikwa kwa Maombi

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, ambao hata leo nikiusimulia viganja hunitoka jasho. Nisingeutaja kama usingenijia juzi hapa Chaani na furaha yako yote, ukaniambia kwamba nyinyi wafanyakazi wa hoteli huko Shanzu mmeanzisha ushirika wenu wa maombi, na kwamba wewe ndiye kiongozi. Nilifurahi, kweli. Nikakumiminia chai, nikasema Mungu awabariki. Kisha ukaongeza, kwa kujisifu kidogo, "Bibi, sisi kule kazini tunafunikana." Uliona nilivyoitua birika. Ukaniuliza kama naumwa, nikakwambia ni joto. Haikuwa joto, ilikuwa hofu, na tangu uondoke sijatulia, ndipo nikakuita tena leo.

Kwetu sisi walokole kumfunika mtu ni kumwombea Mungu amkinge na baya. Ni neno zuri na nimelitumia maisha yangu yote. Lakini neno hilohilo nililisikia likitumiwa vingine nilipokuwa msichana wa umri wako, na ndiyo maana nataka ukae unisikilize hata kama simu yako inalia.

Nilikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha huku Changamwe, cha nguo za watoto zinazopelekwa ng'ambo. Tulikaa kwa safu, na kila safu tuliiita laini. Huyu anaunga miguu ya suruali, yule anapinda, na mimi nilitia mpira wa kiuno kwenye suruali ndogo za kulalia. Mmoja akisimama, walio mbele yake wanakosa kazi na walio nyuma wanarundikiwa, na supavaiza anaanza kutembea haraka haraka huku akiuma mdomo. Tulimwogopa sana, ingawa hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na wa kumwogopa.

Jirani yangu wa kulia alikuwa Mwanaisha, binti wa Jomvu Kuu, Mwislamu wa ukoo wa zamani, mcheshi ajabu. Alikuwa akinitania kwamba sisi walokole twaomba kwa kelele kana kwamba Mungu yuko ng'ambo ya bahari. Nami nilimjibu kwamba yeye huniombea kimyakimya kwa sababu anaona aibu kusema ananipenda. Tuliishi hivyo.

Ushirika wetu wa maombi ulikutana saa ya chakula, chini ya banda la mabati karibu na geti, mahali pa kuweka baiskeli. Usidharau banda lile. Wengi wetu tulikuwa tumetoka makwetu, Kaloleni huko, Taita, Ukambani, wengine bara kabisa, na hatukuwa na mtu mjini. Ukifiwa, ushirika ndio uliokuja. Ukilazwa, ndio ulioleta uji. Kiongozi wetu alikuwa Ndugu Elikana, kijana wa bara, mkataji wa vitambaa. Mama yangu alipofariki, Elikana alisafiri na mimi hadi nyumbani Kaloleni, akachimba kaburi pamoja na wajomba zangu. Nakwambia haya ili usije ukamwona mtu mwovu. Hakuwa mwovu hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Ruhusa ya kukutana ni yeye aliyeiomba. Alikwenda kwa meneja, akarudishwa, akaenda tena, mpaka meneja akakubali kwa sharti moja: siku laini yoyote itakaposimama kwa ajili ya hao watu wa maombi, banda litafungwa. Kwa hiyo tulikuwa watu wa kuangaliwa. Tulishona kwa roho juu, na saa ya chakula ilipokaribia ndipo tulipoongeza mwendo, tusije tukasemwa.

Sasa kulikuwa na sheria ya sindano. Kila mshonaji wa kiwandani anaijua. Sindano ikivunjika unasimamisha cherehani, unainua mkono, supavaiza anakuja, na vipande vyote vinatafutwa na kupangwa mpaka sindano itimie tena kutoka juu hadi kwenye ncha. Kipande kikikosekana, hakuna nguo ya pale inayosogea. Kiwanda chetu wakati ule hakikuwa na mashine ya kutambua chuma ndani ya nguo. Kulikuwa na macho yetu na vidole vyetu tu.

Siku hiyo mzigo ulikuwa umechelewa. Kontena lilikuwa limeshaegeshwa uani, likisubiri makasha ya mwisho, na jioni lilitakiwa liwe bandarini. Supavaiza alikuwa huko kwenye meza za kupakia, akipiga kelele. Nami niko mbioni nimalize bunda langu niwahi bandani. Nikasikia *ka!* Sindano imevunjika.

Nilisimamisha mashine. Kipande cha juu kilikuwa mahali pake, cha kati nilikiona mezani. Ncha sikuiona. Nikapapasa meza, nikakung'uta sketi yangu, nikainama chini. Nilipogeuka kuitazama suruali niliyokuwa naishona, nikakumbuka kwamba zile za kabla yake, labda hata ile iliyokuwa chini ya sindano ilipoanza kugonga vibaya na ncha kukatika nisijue, zilikuwa zimeshachukuliwa kupelekwa kwa wapiga pasi.

"Sidi, ncha i wapi?" Mwanaisha aliniuliza.

"Siioni."

Alishuka kitini, akapiga magoti, akaingia chini ya meza na kuanza kupangusa sakafu kwa kiganja.

Nilikuwa karibu kuinua mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umeshaachana na meza. Hapo ndipo Elikana alipopita akitukusanya kwenda kuomba, akaona uso wangu, akaona cherehani. Akaelewa. Akainama kama anayenisalimia, akanitilia kitu kiganjani. Ilikuwa sindano mpya. Sijui aliipata wapi, maana sindano mpya haikutolewa bila iliyovunjika kurudishwa ikiwa kamili.

"Dada Sidi, usiinue mkono," alininong'oneza. "Leo laini ikisimama banda limekwisha. Na wewe kazi imekwisha. Hiyo ncha imeanguka chini tu. Twende, tutakufunika kwa maombi."

Nilikwenda naye, mwanangu. Sindano sikuifunga kwenye cherehani, niliishika tu ngumini, lakini miguu ilikwenda. Nilikuwa nawasomesha wadogo zangu na kazi nyingine sikuwa nayo. Nilipogeuka mlangoni niliziona nyayo za Mwanaisha zimetokeza chini ya meza.

Bandani Elikana hakueleza mambo. Alisema tu, "Dada yetu ana vita kazini, tumfunike." Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakaanza. Walikuwa wanaomba kwa mapenzi yote, wengine wanalia, nami pale katikati nasikia baridi kwenye joto la Mombasa. Nilikuwa nawaza kile kiuno cha suruali. Mpira hujikunja. Ncha inaweza kulala ndani ya mkunjo isionekane, mpaka siku mtoto avalishwe, avute pumzi, alie, na mama yake asijue analilia nini.

Nilifumbua macho. Nikakuta mwenzangu mmoja pia hakuyafumba. Alikuwa Mama Mbeyu, mpiga pasi, Mgiriama mtu mzima ambaye sote tulimwamkia shikamoo kabla ya kusema Bwana asifiwe. Alikuwa ananitazama mkono.

"Umeshika nini, mwanangu?"

Nikafungua kiganja. Maombi yakaanza kufifia, mmoja mmoja akifumbua macho.

"Imevunjika," nikasema. "Ncha haionekani."

"Na hizo suruali ni za mtoto wa kiasi gani?"

"Wa kutambaa, mama."

Mama Mbeyu akamgeukia Elikana. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwanangu Elikana, hapa twafunika mtu ama twafunika sindano?"

"Mama, mimi namkinga dada yetu," Elikana alijibu. "Tukifukuzwa hapa, watu hawa watakutana wapi? Nani atawatazama?"

"Tutakutana hata barabarani na vumbi lake. Lakini ukimwomba Mungu afiche kitu cha kumchoma mtoto, wataka Mungu awe mwenzio katika hilo? Mimi siwezi kusema amina hapo. Nyinyi nyote semeni amina mkitaka, mimi nasubiri niambiwe maombi haya yanamkinga nani." Akanishika mkono, ule wenye sindano. "Twende. Mimi ndiye niliyepiga pasi hayo mabunda. Nitakuonyesha yalikokwenda."

Sitakudanganya kwamba ujasiri ulinijia. Nilitembea kwa sababu alikuwa amenishika. Ndani nikamkuta Mwanaisha bado yuko chini, vumbi limemjaa kwenye mtandio, chakula chake hajakigusa.

"Chini haiko," aliniambia. "Wallahi nimepapasa kila tundu. Imekwenda na nguo."

"Na sala yako?"

"Wakati ungalipo. Wewe inua mkono."

Nikainua mkono. Nilisimama hivyo, mkono juu, cherehani zote zimenyamaza, na supavaiza anakuja kutoka kule kwenye meza za kupakia. Nilimwambia. Alinitukana, kisha akakimbia. Nilimsikia uani akipiga mayowe kwamba kontena lisifungwe.

Yaliyofuata yalikuwa mateso. Makasha yaliyofungwa yakafunguliwa. Nguo zikamwagwa mezani, na kila suruali ikapapaswa kiunoni kwa vidole, polepole, mpira ukinyooshwa kidogo kidogo. Meneja alisimama ameshika kiuno. Dereva wa lori akawa anaingia kuuliza na kufukuzwa. Kila nguo iliyowekwa kando ilikuwa nafuu na hofu kwa pamoja, kwa sababu rundo lilipungua na ncha haijapatikana, na nilianza kujiuliza itakuwaje likiisha. Watu wa ushirika wakaja mmoja mmoja kutoka bandani, wakavuta viti, wakapapasa nao. Hakuna aliyeimba. Mwisho akaingia Elikana, akakaa mbali nami.

Rundo lilikuwa karibu kwisha Elikana aliposema, "Iko hapa." Alisema kwa sauti ndogo mno, hata ikabidi supavaiza amwambie arudie. Ilikuwa ndani ya mkunjo wa mpira, imelala kama uzi. Mama Mbeyu aliketi chini sakafuni pale pale akajifunika uso kwa leso. Elikana hakuondoa macho kwenye ile suruali. Akainyoosha juu ya meza kwa viganja vyake viwili, mara nyingi, mpaka supavaiza akamnyang'anya.

Banda lilifungwa siku iyo hiyo. Mimi nilisimamishwa kazi, nikakaa nyumbani wiki kadhaa bila kujua kama nitaitwa, nikila kwa ndugu wa ushirika na kwa Mwanaisha, aliyekuwa akinipitishia samaki na kunitania kwamba napika ugali mbichi. Elikana aliulizwa na meneja ile sindano ya pili ilitoka wapi. Angeweza kunisukumia mimi, au kusema hajui. Alisema ni yake, akasema na alichotaka nifanye. Akafukuzwa. Alikuja kuniaga pale nyumbani, akaniambia, "Dada Sidi, nilipenda banda kuliko kile tulichokuwa tunakifanya ndani yake." Kisha akalia, nami nikalia, maana nilimpenda kama kaka.

Niliporudi kazini ushirika ulikuwa unakutana nje ya geti, kando ya barabara, malori yakitupitia na moshi. Tulikuwa wachache mwanzoni. Kisha wakaanza kuja ambao zamani walitucheka, hata mlinzi wa geti, na siku moja hata supavaiza mwenyewe, aliyesimama pembeni na mkoba wake kama mtu anayesubiri gari. Mama Mbeyu alimsogezea nafasi bila kumtazama.

Sasa mimi ni bibi. Binti yangu akijifungua, nguo za mtoto nazinunua za mtumba, sokoni Kongowea, kama kila mtu. Zinatoka huko huko ng'ambo tulikozipeleka. Na kila suruali, mwanangu, kabla sijamvalisha mjukuu, naipitisha kidole kiunoni kote. Wanangu hunicheka. Mimi naitazama ile mishono na kujiuliza aliyeishona alikuwa nani, na siku sindano yake ilipovunjika alikuwa na nani karibu naye.

Basi ushauri wangu ni huu. Ombeaneni, tembeleaneni, mpikieni mgonjwa, mzikane. Waiteni wenzenu wa jikoni na wa vyumbani waje. Lakini siku mmoja wenu atakapokosea kazini, chakula kimelala vibaya, dawa ya bwawa la kuogelea imezidi, ufunguo wa mgeni umepotea, msimwekee mikono kichwani ili anyamaze. Mshikeni mkono mwende naye kusema, kisha msimame naye wakati anatukanwa. Na mkiambiwa kwamba mkisema mtapoteza ushirika, mwogopeni sana anayewaambia hivyo, hasa kama ni mtu mwema mnayempenda. Na wewe kiongozi, jiogope mwenyewe. Mwislamu atakayeinama kukusaidia, mshukuru na umheshimu, usimwone kama mtu wa kuhesabiwa ameokoka au bado.

Nenda, mwanangu, gari zisikupite. Mungu akutangulie kazini na akurudishe salama. Akupe marafiki wasiolificha kosa lako na wasiokuacha. Ukilala, akupe usingizi usioshtuka. Na siku utakapoogopa, maana utaogopa, akupe sauti kabla kontena halijafungwa.